Upweke wa Marekani upo, nawajibu bila kuremba

Shangazi ameniuliza na nyie wadogo zangu mkadakia, eti ni kweli huku mtu anaweza kumaliza mwaka hajui jina la jirani? Ni kweli kabisa. Hapa Houston, Texas, joto likipanda hukuti mtu nje, unashuka kwenye gari lenye eisii (kiyoyozi) unaingia ndani kwenye eisii, mlango umefungwa, na apartment nyingi mkataba unakataza hata kuanika nguo barazani, kwa hiyo zile stori za kambani hakuna.

Ila kuna sehemu watu wanaongea, nayo ni pale pa kufulia kwa mashine za kulipia, Texas wanapaita washateria. Sio mambo ya jana, ya kwanza ilifunguliwa mji wa Fort Worth, huku huku Texas, mwaka 1934, mashine nne tu za umeme na unalipia kwa saa. Siku hizi unatumbukiza kwota, yaani sarafu za senti 25, au unapitisha kadi, unafua karibu nusu saa, draya ya kukaushia nayo inakula muda wake, na kuondoka huwezi maana mashine ikisimama wewe haupo anayesubiri anakutolea nguo anaweka juu ya meza. Basi unakaa. Wamama wa Kimeksiko wanakunja mashuka wawili wawili, na wakikuona unahangaika na shuka kubwa peke yako mmoja anakuja kushika upande wa pili, hujamwomba, lugha hamuelewani. Ukiwa mgeni kitu kama hicho kinakuingia moyoni jamani.

Pale pale nikamsikia mama mmoja Mkongo anamgombeza mtoto kwa Kiswahili, nikampa shikamoo, akageuka, "Weye unatoka wapi?" Kumbe kaishi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, miaka na miaka kabla ya kuletwa huku. Yeye ndo alinionyesha wanapouza sombe, yaani kisamvu, na unga wa muhogo, mumewe akaniunganishia kazi ya ghalani, ndo hii ninayofanya mpaka leo.

Sifichi, kubeba mafurushi na watoto ukitoka shifti ya usiku ni mateso, na hela inaisha. Ndo maana mtu akijipata kidogo tu anahamia nyumba yenye mashine ndani, na hapo humuoni tena, hata yule mama nimempoteza hivyo hivyo na inaniuma.

Neema wetu akija huku, wenye nyumba wakamwambia aongeze kodi ya nyumba apate mashine ya ndani, asikubali kwanza. Aende washateria Jumapili jioni, ndo panajaa, na simu aiweke mfukoni.