Maswali ya wasomaji: Kobe wa Changuu hapandwi

Nawapeleka wanafunzi 40 wa darasa la tano Kisiwa cha Changuu kuona kobe wakubwa. Wawalishe nini, na wajihadhari na nini? (Mwalimu, Unguja)

Mwalimu, nendeni asubuhi. Jua likishapanda kobe hujikusanya kivulini wakalala, na watoto wataona magamba tu.

Chakula chao ni majani, na mchicha ndio uliozoeleka. Mkate na biskuti viacheni skuli. Tumbo la kobe limezoea kuchachusha nyasi taratibu, na wanga mwingi hulivuruga. Fungu moja la mchicha latosha watoto watano, bua moja moja. Bua lishikwe mwishoni kabisa, majani yatangulie. Kobe hana meno, lakini taya zake hukata kama mkasi, tena huvutiwa na rangi nyekundu: kidole chenye hina anaweza kukidhania tunda.

Wakitaka kumkuna shingo, mtoto achuchumae ubavuni na akune polepole. Kobe akiridhika hunyanyuka kwa miguu yote minne, shingo kaitoa yote, akabaki hivyo kimya. Hapo ndipo penye hatari. Akishtuka huvuta kichwa ndani kwa ghafla na kujibwaga chini, na dume kubwa hupita kilo 200. Mkono usiingizwe kati ya shingo na gamba, wala mguu usiwekwe chini ya ukingo wa gamba.

Kumpanda ni marufuku, hata kwa picha moja. Gamba ni mbavu na uti wa mgongo vilivyoungana, na lina neva, ukiligusa anahisi. Kumpindua ni vibaya zaidi: mapafu yako chini tu ya gamba la mgongoni, kwa hiyo akilala chali matumbo huyakandamiza, akapumua kwa taabu.

Chukueni dumu la maji la lita 20 na sabuni. Kobe hubeba salmonela, vijidudu vya kuharisha, hata akionekana mzima, basi mtoto asile chochote kabla ya kunawa.

Namba zilizoandikwa kwa rangi kwenye magamba yao ni za nini? Na je, umri huhesabiwa kwa duara za gamba? (Msomaji, Mombasa)

Namba ni umri kwa miaka. Duara hazitegemewi: huongezeka kadiri kobe anavyokua, na mwaka wenye masika na vuli nzuri waweza kuacha zaidi ya moja. Kwa mzee zimeshasagika, gamba limekuwa laini kama jiwe la mtoni. Kobe wanne wa mwanzo waliletwa Changuu kutoka Ushelisheli mwaka 1919.

Wanangu wameokota kobe mdogo shambani. Tumfuge? (Mama wa watatu, Tanga)

Hapana, mama. Kufuga mnyamapori bila kibali ni kosa kisheria, na kobe wa uani wengi huharibika: wakikosa unyevu na kulishwa makombo ya jikoni, gamba huota vilima vilima, na likishaota halirudi. Msimtoboe gamba ili kumfunga kamba, mnatoboa mfupa. Mrudisheni pale pale alipookotwa, asubuhi au jioni, chini ya kichaka. Na wasimpeleke baharini wakidhani ni kasa. Kasa ana makasia. Huyu ana miguu ya kutembelea, atazama.