Pawa saplai yako ya kwanza: anza na hesabu ya joto

Karibu kila kijana anayetaka kujiundia pawa saplai ya kurekebisha, yaani kifaa cha kugeuza stima ya ukutani kuwa volti ndogo unazochagua, huniuliza itatoa volti ngapi. Mimi humrudishia swali: zile volti usizozitumia zitaenda wapi?

Hilo nililijua kwa hasara. Chumba changu cha Nyalenda, hapa Kisumu, kilikuwa cha mabati, na saa nane mchana hakikaliki. Niliunda saketi ya LM317, regyuleta (kipande kinachoshikilia volti pale ulipoziweka) ya miguu mitatu ambayo wengi wetu huanza nayo, nikaiweka kwenye volti 5, nikaipa mzigo wa ampea moja. Dakika mbili hazijaisha, volti zikaporomoka. Nikizima na kungoja, zinarudi. Nikabadilisha regyuleta mara tatu nikiamini nimeuziwa feki. Zote zilikuwa nzima. LM317 ikipata moto kupita kiasi hujikinga yenyewe kwa kukata umeme.

Transfoma yangu ilitoa volti 18 za AC, umeme unaogeuka-geuka kama wa ukutani. Zikipita kwenye daiodi nne na kapasita huwa karibu volti 24 za DC, umeme wa upande mmoja kama wa betri. Mimi nilitaka 5 tu, kwa hiyo 19 zilibaki ndani ya regyuleta. Zidisha kwa ampea moja: wati 19 za joto, kwenye kipande kidogo kuliko ncha ya kidole. Chuma cha kulehemu cha wati 30 kinayeyusha risasi! Bati dogo la kupoza nililofunga lisingeweza kitu.

Siku hizi natafuta transfoma yenye matoleo mawili, volti 9 na 18, na swichi ya kuchagua. Amplifaya mbovu pale soko la Kibuye huwa na transfoma nzuri, ila zipime kwanza. Kwa volti 5 natumia toleo la 9, na joto linashuka hadi wati 6 hivi. Kapasita iwe ya maikrofaradi 4,700, na iandikwe volti 50. Ya volti 25 usiiguse, kwa sababu transfoma isiyo na mzigo hupanda juu ya kilichoandikwa, na stima yetu nayo haitulii.

Kurekebisha volti kwenyewe ni rahisi. Rezista ya omu 240 kati ya mguu wa kutoa na mguu wa kurekebisha, kisha potenshiometa (rezista ya kuzungusha) ya kilo-omu 5 kutoka mguu wa kurekebisha hadi hasi. Gawanya omu za potenshiometa kwa 240, ongeza moja, zidisha kwa 1.25. Ukiisoma 1,200 utapata volti 7.5. Chini ya 1.25 haishuki, usihangaike kuitafuta sifuri.

Jambo linalowaunguzia wengi: mgongo wa chuma wa LM317 umeungana na mguu wa kutoa, si hasi. Ukiufunga moja kwa moja kwenye kasha la chuma lililounganishwa na hasi, umepiga shoti. Weka karatasi ya maika, isiyopitisha umeme, na kishikizo cha plastiki kwenye skrubu, halafu upime kwa multimita kabla ya kuwasha.

Upande wa volti 240 sikubembelezi. Fyuzi iwepo, waya wa ardhi ufungwe kwenye kasha, na kiungo kisiachwe wazi. Mara ya kwanza washa kupitia balbu ya zamani ya wati 60, ile ya waya ndani, iliyofungwa kwa mfululizo na transfoma. Ikimulika mara moja kisha ikafifia, kapasita imejaa tu. Ikibaki inawaka kwa nguvu, zima, kuna shoti.

Mwisho, nenda duka la vipuri vya bodaboda ununue balbu ya indiketa ya volti 12, wati 10. Huvuta karibu ampea 0.8. Weka pawa saplai kwenye volti 12 kwa toleo la 18, unganisha balbu, uiache iwake nusu saa, mchana jua likiwa kali, huku multimita ikisoma volti. Zikianza kushuka, ongeza bati la kupoza, kisha urudie nusu saa nzima.