Barua kwa mwanangu: bibi yako alinilisha vizuri

Mwanangu Rehema,

Marahaba, mama. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya mwisho usiku, mama yako akiwa amelala. Umeniuliza mambo mawili kwa pumzi moja: bibi angenilisha vizuri utotoni, macho yangu yangepona? Na wewe mwenye mimba ya miezi miwili, ule nini ili mtoto asirithi ugonjwa wangu wa macho? Ukamalizia kwamba kuna mtu anakuuzia kopo la vidonge vya vitamini A vyenye nguvu. Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu kwenye simu ningeshindwa kumaliza. Kwa kuwa siwezi tena kusoma kwa macho, simu yangu inanitajia kila herufi ninayoigusa, kwa hiyo barua hii imenichukua siku mbili.

Vidonge kwanza. Usivinywe. Vitamini A ya vidonge ikizidi kwa mjamzito, hasa miezi hii ya mwanzo viungo vya mtoto vinapoumbwa, inaweza kumletea mtoto kilema. Mjamzito anashauriwa asivuke yuniti 10,000 kwa siku; mwambie mumeo akusomee kopo hilo limeandikwa ngapi. Hata maini usiyale kila siku, yana vitamini hiyo kwa wingi mno. Mchicha, matembele, maboga, karoti na mawese kula bila hofu, maana kutoka humo mwili hujitengenezea kiasi unachohitaji. Vidonge vya madini ya chuma na foliki ulivyopewa kliniki endelea navyo kila siku, na kitu chochote kingine muulize kwanza muuguzi wa kliniki.

Sasa bibi yako.

Nilikuwa na miaka saba au minane nilipoanza kujikwaa jioni. Wenzangu waliona njia ya kutoka ziwani hadi nyumbani, mimi nilimshika mmoja shati. Mama alinipeleka zahanati, na yule mama wa zahanati, kwa nia njema kabisa, akamwambia mtoto huyu hali vizuri, amekosa vitamini. Tangu siku hiyo mama hakula maini tena. Yakipatikana yalikuwa yangu. Dagaa, migebuka, kisamvu kilichoungwa kwa mawese mpaka sahani inakuwa nyekundu, vyote vilianzia kwangu, wadogo zangu wakatazama. Macho yakaendelea kupungua. Na kila yalipopungua, yeye alijihesabu mwenye kosa. Mwaka aliofariki, mimi mtu mzima mwenye watoto watatu, alinishika mkono akaniambia, "Baba, nisamehe, sikukulisha." Nilimjibu kwamba si kweli, lakini wakati ule sikuwa na maneno ya kumweleza kwa nini si kweli. Ninayo leo, na ndiyo maana nakupa wewe kabla hujauanza mzigo aliokufa nao yeye.

Fikiria chemli. Taa inaweza kufifia kwa sababu mafuta yamekwisha, na inaweza kufifia kwa sababu utambi unaungua. Jicho linahitaji vitamini A ili lione gizani. Mtoto aliyeikosa haoni usiku, na akipewa, huanza kuona tena ndani ya siku chache. Huyo ni taa iliyoishiwa mafuta, na kwake maini na mboga ni tiba kweli. Yule mama wa zahanati alikuwa amewaona wengi wa namna hiyo. Wetu ni utambi. Wataalamu wanauita retinitisi pigmentosa. Seli za nyuma ya jicho, kwenye retina, zina hitilafu ya kurithi, na zinakufa kidogo kidogo: kwanza zile za kuonea gizani, kisha uwanja wa kuona unabana kutoka pembeni mpaka unabaki kama unachungulia kwenye bomba, mwishoni hata hilo bomba linaziba. Ukiongeza mafuta kwenye utambi unaoungua, hauponi. Kwa hiyo bibi yako alinilisha vizuri. Alinilisha kuliko mtoto yeyote pale kijijini.

La kurithi ni gumu zaidi kuliandika. Daktari wa macho alinichorea ukoo wetu kwenye karatasi miaka 12 iliyopita, wakati bado naona karatasi. Mjomba wangu, yule ambaye hakuweza kwenda kuvua dagaa usiku na karabai, watu wakamwita mvivu, wengine wakasema amerogwa, kisha mimi, kisha mtoto wa kiume wa shangazi yako. Daktari akasema mpangilio huo unaonyesha kasoro iko kwenye kromosomu ya X, mojawapo ya nyuzi ndani ya seli zinazobeba jeni, yaani maagizo tunayorithi kwa wazazi, ingawa kuthibitisha kunataka kipimo cha jeni. Mwanamke ana X mbili, na ile nzima humsaidia. Ndiyo maana bibi yako aliona mpaka uzeeni. Mwanamume ana moja tu, akiangukiwa na yenye kasoro hana akiba. Na hiyo moja niliyonayo, binti yangu lazima aipokee. Kaka zako niliwapa Y, ile kromosomu nyingine ya mwanamume, kwa hiyo hawana. Wewe unayo, mwanangu.

Mtoto wako akiwa wa kiume, ni nusu kwa nusu. Akiwa wa kike, nusu kwa nusu atabeba kama wewe. Wewe mwenyewe nenda ukapimwe macho, kwa sababu baadhi ya wanawake wanaobeba nao hupungukiwa. Nilipaswa kukuambia haya kabla hujaolewa. Niliogopa utaogopa. Nisamehe.

Hilo halibadilishwi na unachokula, wala na unachokosa kula. Ukitapika miezi mitatu ukaishi kwa chai na mkate mkavu, hutakuwa umemharibia mtoto macho.

Unaweza kuuliza, mbona watu wanasema vitamini A husaidia ugonjwa huu? Kuna msingi. Mwaka 1993 watafiti wa Boston walitangaza matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 601, wakasema yuniti 15,000 kwa siku zinaonekana kupunguza kasi kidogo, na kwamba vitamini E kwa wingi inaonekana kuharakisha. Madaktari wengi waliifuata miaka hiyo. Mwaka 2023 takwimu zile zikachambuliwa upya, safari hii jeni za wagonjwa zikiwa zimejulikana, na faida haikuonekana. Upo tena ugonjwa mwingine wa retina wa kurithi, wa Stargardt, ambao wagonjwa wake wanaambiwa wakae mbali na vidonge vya vitamini A. Basi mtu anayeuza kopo moja kwa kila jicho linalofifia hajui anachouza, au anajua na anauza hivyo hivyo.

Mimi nakula vizuri, na nitaendelea. Samaki, mboga za majani, maharage, matunda ya msimu, sukari nimeipunguza. Sigara niliacha, na hilo lina maana kwa jicho kuliko kopo lolote. Kisukari au presha vikiharibu mishipa ya jicho ambalo tayari ni dhaifu, ni hasara juu ya hasara. Juani navaa kofia na miwani. Hayo hayajanirudishia kitu.

Lakini usisikie kwamba nimekata tamaa. Miaka sita iliyopita ukungu uliongezeka ghafla, nikadhani ndiyo mwisho, nikakaa ndani miezi minane. Kumbe ni mtoto wa jicho, ambaye huwapata sana watu wenye ugonjwa wetu. Akatolewa, na kile kipande cha katikati kikarudi: nikaiona sura yako siku ya harusi. Miezi minane niliipoteza kwa kuamini kwamba hakuna cha kufanya. Retina huweza pia kuvimba katikati, nayo ina dawa. Kwa hiyo mtoto apimwe mapema, na akiwa nao, apimwe kila mwaka hata kama watu watakuambia hauna tiba.

Tiba ya jeni ipo. Marekani waliidhinisha ya kwanza ya macho mwaka 2017, kwa wenye kasoro kwenye jeni iitwayo RPE65. Si yetu, na bei yake ilipotangazwa ilikuwa dola 850,000 kwa macho mawili. Siwezi kukuahidi kwamba yetu itafika Kigoma. Naweza kukuambia kwamba nilipokuwa na miaka minane kulikuwa na maini na lawama tu, na mjukuu wangu atazaliwa kwenye dunia yenye hiyo. Akihitaji nukta nundu nitamfundisha mimi mwenyewe. Nimejifunza nikiwa na miaka 49. Yeye ataanza na vidole laini. Fimbo nyeupe pia nitamfundisha, mapema, kabla hajaanza kuionea haya kama nilivyoionea mimi.

Kaka yako anasafiri na treni wiki ijayo. Nimempa lita tano za mawese, mpokee stesheni maana mzigo ni mzito na wewe usiunyanyue. Ni ya kisamvu. Kile cha bibi yako kiliungwa na karanga na kitunguu kingi, mama yako anajua, mpigie akuelekeze.

Baba yako