Tiketi ya kusimama ndiyo iliyomfungua mwanangu

Habari za kazi wahariri, na wasomaji wenzangu shikamooni mnaostahili. Swali lenu la wiki hii, mzazi wa kipato cha kawaida achague vipi maigizo ya jukwaani ya kwenda kuangalia na watoto wa sekondari, limenigusa mno maana hili jambo nimelipitia kwa machungu kabla halijawa raha. Naishi London mashariki, mama wa watoto wawili, wa kiume ana miaka 15 na binti 13, kazi yangu ni kuhudumia wazee kwa zamu. Kwa hiyo nitajibu ya huku niliko.

Miaka mitatu nyuma nilijikusanya nikasema na sisi twende West End, kule katikati ya London kwenye kumbi kubwa za maigizo, kama watu. Shoo kubwa ya nyimbo na densi, ukumbi siutaji, pauni 65 kila mmoja, watatu ni 195, hiyo kwangu ni karibu zamu mbili za saa 12. Tukapanda ngazi mpaka ghorofa ya juu kabisa, binti yangu nguzo ikamkaa mbele, waigizaji tunawaona utosi tu. Hata nusu saa haijafika kijana katoa simu. Nikamnong'oneza, unajua nimelipa shilingi ngapi hapa? Nadhani kabla ya mapumziko nilishamwambia hivyo mara tatu. Tulirudi nyumbani kila mtu kanuna, yaani hata chakula hatukula pamoja.

Nililifikiria sana lile baadaye. Mtoto hakuwa mbaya na mchezo wenyewe haukuwa mbaya, ila ile bei ilinigeuza mimi kuwa mlinzi, badala ya kuangalia jukwaa nikawa naangalia kama mwanangu anafurahi kwa thamani ya hela yangu, na mtoto wa umri ule akishajua anapimwa kufurahi ndo basi tena, hafurahi. Kwa hiyo siku hizi kitu cha kwanza ninachochagua ni tiketi ambayo mwanangu akichoka dakika ya arobaini nitatoka naye bila moyo kuniuma. Mchezo gani, hilo linafuata.

Na hiyo tiketi London ipo. Shakespeare's Globe, pale Bankside kando ya mto Thames, ule ukumbi wa mviringo wenye paa la nyasi. Katikati kuna uwanja usio na paa wa kusimama, unachukua watu 700, na tangu ukumbi ufunguliwe 1997 kusimama ilikuwa pauni 5, hadi leo bei zake zinaanzia hapohapo. Hakuna kiti, kukaa chini mchezo ukiendelea hawaruhusu, na mvua ikinyesha inakunyeshea, mwavuli marufuku kwa sababu utawaziba wa nyuma, unavaa koti la mvua. Mtu mzima akisikia hivyo anaguna. Lakini kwa kijana mimi naona ndo penyewe, kwa sababu anaweza kusogea, anaweza kwenda kusimama mita tatu mbali na mama yake kama vile hatujuani, na umri huo jamani huo umbali ni kitu kikubwa sana kwao, kwenye viti huwezi kumpa.

Mimi pale nilifika mara ya kwanza 2012, mwaka wa Olimpiki ya London, kijana wangu akiwa na miaka miwili nimemwacha kwa jirani. Globe walifanya tamasha, tamthilia 37 za Shakespeare kwa lugha 37, na Kiswahili kikapewa ile ya wake wachangamfu wa Windsor, The Merry Wives of Windsor, wasanii wa kutoka kwetu Afrika Mashariki, na Falstaff, yule mzee mnene wa kuchekesha kwenye mchezo, akachezwa na Mrisho Mpoto wetu, huyuhuyu wa mashairi. Wazungu waliwekewa kwenye skrini muhtasari tu wa kila tukio, si neno kwa neno, kwa hiyo wao wanasoma kinachokuja halafu sisi wa uwanjani ndo tunapasuka kicheko. Nilisimama pale nalia na kucheka. Miaka sita nilikuwa nchi hii na sikuwahi kuwa mimi ndiye ninayeelewa kwanza.

Basi kiangazi cha 2025 nikaona Globe wameirudisha tamthilia ileile, kwa Kiingereza safari hii. Nikasema hii hainipiti. Kijana akaanza, mama Shakespeare ni wa darasani, ni mambo ya wazungu. Nikamwambia mwanangu, Mwalimu Nyerere akiwa na nchi nzima mabegani alikaa akatafsiri tamthilia mbili za huyu bwana, Julius Caesar ikatoka 1963 na Mabepari wa Venisi 1969, sasa wewe unamwambia Mwalimu nini? Akanyamaza. Ila kilichomleta hasa sio Mwalimu, ni hadithi. Tukiwa kwenye basi (watoto wa miaka 11 mpaka 15 wakiwa na kadi ya Zip Oyster basi za London ni bure, msilipie) niliwasimulia yote mpaka mwisho. Kwamba kuna mzee mmoja mnene, ndo huyo Falstaff, hana hela, anawaandikia barua ya mapenzi wanawake wawili walioolewa, barua ni ileile kabadilisha jina tu, na hao wanawake ni marafiki wa karibu, wanaonyeshana hizo barua. Kijana akageuka kutoka dirishani, "kwa hiyo kakopi na kupesti?" Ndiyo. Wanangu wote wawili wakataka kujua wale wanawake walimfanyaje.

Hapa nisisitize kidogo kwa sababu wazazi wengi wanaficha hadithi eti isiharibike. Kwa Shakespeare usifiche, Kiingereza chake ni kigumu hata kwa wenye lugha, mtoto asipojua nani ni nani anapotea dakika tano za kwanza na akishapotea kurudi ni kazi. Akijua kinachokuja anabaki kusubiri watakifanyaje.

Tulifika mapema, tukala chapati na maharage niliyofunga kwenye foili, tumekaa kando ya mto, milango ilipofunguliwa tukawahi mbele kabisa kwenye ukingo wa jukwaa. Hiyo nafasi ndo ya kugombania, unaegemeza viwiko juu ya mbao na miguu inapumzika, la sivyo rudi nyuma kabisa uegemee ukuta, katikati ndo kunachosha. Binti alibaki na mimi, kijana kaenda upande wa pili. Na pale taa haziwazimii watazamaji, mwigizaji anakuona usoni kama unavyomwona. Ikafika mahali Falstaff kajikunja kwenye kapu la nguo chafu ili mume wa watu asimkute, na wakati wanahangaika nalo mmoja wa wale waigizaji akamtazama mwanangu machoni, akainua nyusi, kama anamuuliza tufanyeje sasa? Mwanangu, huyu ambaye nyumbani nikimwuliza siku ilikuwaje najibiwa poa tu, alicheka mpaka akainamisha kichwa kwenye mbao za jukwaa. Simu ilikuwa mfukoni. Sikumwambia chochote, nilikuwa nimegeuza uso nafuta machozi.

Mapumziko nikawauliza tuendelee au tuondoke? Niliuliza kwa dhati, na waliona ni kwa dhati. Wakaniangalia kama nimepotea.

Sio lazima iwe Globe. Kiangazi, hasa Agosti, kuna Kids Week, inaitwa wiki lakini inaenda wiki kadhaa, mtu mzima akilipa tiketi kamili mtoto mmoja wa hadi miaka 17 anaingia bure na wawili wengine wanaweza kuongezwa kwa nusu bei, na hizo ni zilezile shoo kubwa za West End. Nafasi huanza kuuzwa mwezi wa sita na nzuri zinaisha haraka, na angalia ramani ya viti kabla ya kulipa, ukiona tiketi imeandikwa ina kizuizi cha kuona iache. Walioko Newham, huku London mashariki, na jirani wasiisahau Theatre Royal Stratford East, jengo la 1884, ukumbi wa saizi ambayo popote ulipokaa sura unaziona, na watazamaji wake wanafanana na mtaa wetu, mtoto hajioni mgeni. Pia National Theatre wana mradi wa Connections tangu 1995, tamthilia mpya zinazoandikwa kwa ajili ya vijana na wanaocheza ni vijana wenyewe wa miaka 13 mpaka 19 kwenye kumbi nchi nzima, hata nje ya London, ulizia kikundi cha vijana kilicho karibu. Na mwenye mtoto shule ya serikali hapa London au Birmingham amwulize mwalimu wa Kiingereza kuhusu shoo ya wanafunzi ambayo Globe huwa wanaifanya mwezi wa tatu, Shakespeare imefupishwa dakika 90 na shule zinapewa tiketi za bure. Mwalimu asipoomba darasa halipati, kwa hiyo msione aibu kumkumbusha.

Tulipotoka siku ile kulikuwa bado na mwanga. Falstaff kwenye mchezo anabebwa ndani ya lile kapu na kumwagwa majini kando ya Thames, na Thames ndo hiyo iko mlangoni. Binti akasimama kwenye kingo anaangalia chini, maji ya kahawia yamejaa, akaniuliza, mama wewe ulipoiona kwa Kiswahili walisemaje wakati wanamtupa? Nikaanza kumwambia ninayoyakumbuka. Kaka yake aliyekuwa ametangulia mbele akapunguza mwendo ili asikie.