Turbo Ikiiva Nyekundu, Usianze na Turbo

Turbo ya kwanza ya jenereta niliyoibadilisha peke yangu, ile feni inayozungushwa na moshi ili isukume hewa kwenye injini, ilikuwa nzima. Niliifungua kwa sababu iliiva nyekundu kama kaa la moto, na bomba la moshi lilikuwa limebadilika rangi mpaka karibu na sailensa. Kwangu jibu lilikuwa wazi: kinachoungua ndicho kibovu. Tukafunga mpya, tukawasha, tukapandisha mzigo wa umeme. Baada ya dakika kama ishirini, ile mpya nayo ikaanza kuiva vilevile. Mwenye jenereta hakusema kitu, aliitazama tu. Ule ukimya sijausahau.

Wewe unayeanza kazi hii, shika jambo hili mapema: turbo haizalishi moto wake. Inapokea moshi uliotoka kwenye silinda. Ikiiva, inakupa habari za huko ndani. Ama dizeli ni nyingi kuliko hewa iliyopo, ama dizeli inaungua kwa kuchelewa hivyo moto unatoka kabla haujamaliza kazi, ama moshi umezibiwa njia. Karibu kila chanzo utakachokikuta kitaangukia humo.

Ujue pia kawaida ni ipi. Injini nyingi za dizeli zikiwa na mzigo kamili hutoa moshi wa nyuzi 450 hadi 600 za Selsiasi, na chuma huanza kuonyesha wekundu hafifu gizani kwenye nyuzi 500 na kitu. Kwa hiyo wekundu kidogo usiku, mzigo ukiwa juu, kwa baadhi ya injini si ugonjwa. Wekundu unaouona mchana kweupe, huo usiulalie.

Ukiikuta imeiva, usizime ghafla. Toa mzigo, iache injini izunguke tupu dakika 3 hadi 5. Shafti ya turbo huzunguka makumi ya maelfu ya mizunguko kwa dakika, na oili ndiyo inayolainisha na kupoza beringi zake. Ukizima papo hapo oili inasimama, joto linarudi kwenye shafti, na oili iliyobaki inaungua ikawa mkaa mgumu. Maji usimwage kamwe, chuma kitapasuka. Ila ukiona oili au dizeli inavuja jirani na hapo, zima mara moja. Heri kupoteza turbo kuliko kuunguza chumba na watu waliomo.

Kabla ya spana, soma mzigo. Jenereta ya kVA 100 kwa pawa fakta (sehemu ya kVA inayofanya kazi halisi) ya 0.8 ni kW 80 tu, na kwa volti 400 fezi tatu ni kama ampia 144 kila fezi. Pima kila fezi kwa klampu mita yako, ile inayobana waya na kusoma ampia, usitegemee mita ya kwenye paneli peke yake. Na kama mashine iko mahali pa joto kali au mwinuko mkubwa, hewa ni nyepesi, hivyo hata mzigo ulioandikwa kwenye kibao unaweza kuwa mzito kwake.

Mzigo ukiwa sawa, fuata hewa. Hapa ndipo nataka utulie kuliko kwingine kote, kwa sababu ndipo nilipoteleza.

Siku ile nilikuwa nimeshatazama filta ya hewa, na ilikuwa safi. Nikaona upande wa hewa nimeumaliza, nikarukia turbo. Kesho yake nilisimama kando ya injini ikiwa na mzigo, macho kwenye ule mpira mnene unaotoka kwenye filta kwenda turbo. Mzigo ulipopanda, ubavu wa mpira ulianza kubonyea ndani, taratibu, kama shavu la mtu anayefyonza. Mzigo ulipotolewa, ukarudi duara. Nilipoufungua nikapitisha kidole: ngozi ya ndani ilikuwa imebanduka na kuning'inia. Injini ikisimama, inalala mahali pake na huoni kitu. Injini ikivuta, inanyanyuka na kuziba koo. Ugonjwa wa hewa mara nyingi hauonekani injini ikiwa imezimwa, kwa hiyo ichunguze ikiwa kazini. Ukiwa na geji ya mvuto, ifunge kati ya filta na turbo. Watengenezaji wengi huweka kikomo karibu na kPa 6.2, ila soma kitabu cha injini yako.

Kutoka turbo kwenda kwenye injini, hewa iko kwa presha, hivyo tafuta inapotorokea. Maji ya sabuni kwenye maungio, sikio lisikilize mluzi unaozidi mzigo ukipanda. Tazama intakula, ile rejeta inayopoza hewa inayotoka turbo: vumbi likichanganyika na oili hushika mapezi kama udongo wa mfinyanzi, na hewa inaingia silinda ikiwa ya moto. Kisha simama mbele ya feni. Kama upepo wa rejeta unarudi chumbani, injini inapumua joto lake yenyewe. Gasketi ya manifoldi ya moshi, bomba linalokusanya moshi wa silinda zote, nayo ikivuja, utaona masizi meusi pembeni. Nguvu ya kuizungusha turbo inapotea hapo, hewa inapungua, joto linapanda.

Upande wa dizeli, chukua kipimajoto cha miale upime mlango wa moshi wa kila silinda, umbali uleule, mahali palepale. Namba yenyewe usiiamini sana, maana kinasoma ngozi ya chuma na si moshi wa ndani, na chuma kinachong'aa hukidanganya. Unachotafuta ni tofauti. Silinda moja ikiwa baridi kuliko wenzake, haifanyi kazi yake na nyingine zinaibebea. Moja ikiwa moto peke yake, shuku nozeli ya dizeli inayodondosha au valvu isiyofunga vizuri. Zote zikiwa moto na hewa umeshaithibitisha, uliza nani aliigusa pampu ya dizeli mara ya mwisho. Taimingi, yaani wakati wa kupuliza dizeli, ikichelewa hupeleka moto kwenye bomba.

Njia ya moshi pimia presha ya kurudi, yaani moshi unavyosukuma nyuma njia ikibanwa. Vikomo vingi viko kati ya kPa 6.7 na 10. Bomba lililorefushwa na kupindwa mara nyingi, au sailensa iliyobomoka ndani, hutosha kuvuka hapo. Na jenereta iliyofanya kazi miezi na mzigo chini ya asilimia 30 hujaza bomba masizi na dizeli isiyoungua. Siku ikipewa mzigo mkubwa, uchafu huo unaweza kuwaka humohumo, na sailensa ikaiva hata kama injini haina kosa. Mzigo wake upandishwe kwa hatua, mtu akiwa amesimama hapo.

Turbo yenyewe iwe ya mwisho: tikisa shafti, izungushe kwa kidole, tazama kama mapanga yamegusa kasha lake, kagua bomba la oili. Ile niliyoitoa niliipima hivyo, haikuwa na dosari. Tukafunga mpira mpya, tukairudisha mahali pake, na usiku ule kwa mzigo uleule ilibaki nyeusi.