Faili limebadilishwa jina, historia imekwenda wapi?

Mfumo wetu wa kusajili wapanda mlima una faili wageni.py lenye komiti (hatua za mabadiliko zilizohifadhiwa) za miaka mitatu. Nimelibadilisha jina kuwa wapandaji.py, nikasafisha na msimbo wa ndani, nikakomiti vyote kwa pamoja. Sasa git log, amri ya Git (programu inayotunza historia ya msimbo), inaonyesha komiti moja tu. (Sakina, Arusha)

Historia ipo. Git haiandiki popote kwamba faili limebadilishwa jina. Ukiiuliza, ndipo inapolinganisha faili lililotoweka na lililozuka. Yakifanana kwa asilimia 50 au zaidi, inayahesabu kuwa ni moja. Na git log ya kawaida, ukiipa faili moja, hailinganishi: inaishia pale jina jipya lilipoanzia. Jaribu hivi:

git log --follow -- wapandaji.py

Ikigoma, usafi wako umekula zaidi ya nusu ya faili. Ongeza -M30%, yaani ufanano wa asilimia 30 utoshe, baada ya --follow. Usishushe mno, maana mafaili yanayoanza na maelezo yaleyale ya leseni huunganishwa kimakosa.

Kama komiti hiyo hujaituma kwenye seva, irudie. Hakikisha git status haina kitu na komiti yenyewe haina kazi nyingine, nakili wapandaji.py nje ya repo (folda ya mradi inayotunzwa na Git), kisha:

git reset --hard HEAD~1
git mv wageni.py wapandaji.py

Rekebisha import (mistari inayoliita faili hili kwa jina lake) kwenye mafaili mengine, ukomiti. Hizo hazipunguzi ufanano wa faili lenyewe, na ukiziacha, komiti hiyo itakuwa mbovu kwa yeyote atakayeirudia baadaye akisaka hitilafu. Angalia git show --summary: unataka kuona rename na (100%) mbele yake. Ndipo urudishe nakala yako juu ya faili na kukomiti mara ya pili. Git mv yenyewe haina dawa ya ziada. Mv ya kawaida ikifuatwa na git add -A huleta matokeo yaleyale. Kinachookoa historia ni kutenganisha komiti.

Tulitenganisha, lakini baada ya kuunganisha tawi (mkondo wa kazi ya pembeni) kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhi repo, historia ikakatika tena. (Moshi)

Mlibonyeza squash. Inazikandamiza komiti zote kuwa moja, kwa hiyo jina na marekebisho yamerudi chungu kimoja. Kwa tawi la namna hii tumieni merge ya kawaida au rebase, ambazo huziacha komiti zikiwa mbalimbali.

Nimegeuza Malipo.py kuwa malipo.py kwenye Windows. Kwangu inakwenda, seva ya Linux inasema moduli haipo. (Njiro, Arusha)

Windows haitofautishi herufi kubwa na ndogo, hivyo Git haikuona badiliko. Pitia jina la kati, njia ambayo hufaa hata kwa folda:

git mv Malipo.py tmp.py
git mv tmp.py malipo.py

Kisha komiti. Ushauri wa kuweka core.ignorecase (mpangilio wa Git wa kupuuza tofauti ya herufi kubwa na ndogo) kuwa false uupuuze: utajikuta na majina yote mawili ndani ya repo.

Ofisini bado tunatumia Subversion (svn), programu nyingine ya kutunza historia ya msimbo. Mambo ni hayohayo? (Moshi)

Hapana. Subversion inaandika uhamisho wenyewe, kwa hiyo svn mv ni lazima. Ukibadilisha jina kwa kipanya, svn status itaonyesha alama ya ! kwa jina la zamani na ? kwa jipya, ukikomiti jipya kwa svn add, historia yake inaanza sifuri. Kabla ya kukomiti, rudisha jina la zamani kwa kipanya hichohicho, halafu tumia svn mv.