Re: Picha za safari za wasanii sita hazikai sawa ukutani

Habari mkuu. Nimekuelewa hivi: wasanii sita wamechora safari moja, ukuta mmoja, picha za saizi tofauti, ukizipanga kwa kufuata kingo za juu zinaonekana zimetawanyika. Na zilizosafirishwa zikiwa zimeviringishwa hazinyooki.

Anza na hizo zilizoviringishwa, za karatasi, ndizo zitakula muda. Zilaze kati ya karatasi safi zisizo na asidi, juu weka ubao bapa na uzito, uziache siku kadhaa. Usiziviringishe upande wa pili kwa nguvu, rangi nzito itapasuka. Za mkaa au chaki usizigandamize kabisa, zitafutika.

Ukutani linganisha vitovu, yaani katikati ya kila picha. Kitovu cha kila picha kiwe kama sentimita 150 kutoka sakafuni. Kimo cha msumari: 150, jumlisha nusu ya urefu wa fremu (juu hadi chini), toa umbali wa waya wa kuning'inizia kutoka ukingo wa juu. Fremu ya sentimita 60 yenye waya sentimita 6 chini ya ukingo: 150 + 30 − 6 = 174. Pima waya ukiwa umevutwa kwa kidole. Wengi hupima ukiwa umelegea, ndiyo maana picha hushuka.

Halafu usipange kwa msanii, panga kwa kituo cha safari. Sentimita 5 hadi 8 ndani ya kundi, 30 au zaidi kati ya makundi.

Zile walizochora kwa pamoja, lebo ibebe majina yote, na mgawo wa mauzo uandikwe kabla ya ufunguzi wa maonyesho. Hapo ndipo urafiki huvunjika.

Ukuta wenyewe ni wa tofali au jipsamu?